Gari Iliyozunguka Laini Kupita Kiasi

Siku ya kuniaga mlinivisha leso, mkaninunulia keki, na Kamande mwenye gereji akasimama akasema mimi nimekuwa "mama yetu wa chai" tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mkapiga makofi. Nikakaa pale na kipande changu cha keki nikihesabu moyoni. Chai niliuza miaka minne. Miaka ishirini na mbili iliyofuata nilikuwa nikiendesha pikapu za watu kabla hawajazinunua, kuangalia kama zitawaua. Hilo Kamande hakulisema, na najua kwa nini.

Kevin wa waya za umeme akaniomba niwaandikie kitu ninyi mnaobaki, kitu cha kutia moyo. Kevin, wewe ni kijana mzuri, lakini moyo mtajitia wenyewe. Mimi shule niliiacha darasa la tatu na hasira yangu haijaisha, kwa hiyo nitaandika vile nilivyo.

Nilifika Kawangware 46, pale stendi ya matatu, nikitoka kwetu Makina kwa miguu, birika mkono huu, ndoo ya mandazi mkono ule. Gereji haikuwa na jina. Ilikuwa mabati, shimo moja la kuingia chini ya gari, na mafundi watano: Wanyonyi wa gia na difu, Kiragu wa rangi, Barasa wa kuchomelea, Omondi wa springi, na Mutiso, ambaye mpaka leo sijui alikuwa anatengeneza nini, ila chai alikunywa kuliko wote. Siku ya kwanza Mutiso alisema mandazi yangu ni magumu, yafaa kuwekwa chini ya injini isitikisike. Nikamwambia arudishe alilokula. Hakuweza, alikuwa amekula matatu.

Kazi yenyewe niliingilia mlango wa nyuma. Wanyonyi alikosa mtu wa kumwoshea vyuma, basi nikishamaliza kuuza nakaa na karai la dizeli nasugua meno ya gia. Ukisugua kitu kila siku utauliza kinafanya nini. Wanyonyi hakuwa mtu wa maneno. Alichukua chaki akachora kwenye sakafu njia za magurudumu wakati gari inakata kona: ya mbele yanapita mbali, ya nyuma yanakata kwa ndani.

"Wa mbele anatembea njia ndefu, wa nyuma njia fupi," akasema. "Lakini gari ya fowili ukiiweka inavuta kwa magurudumu yote manne, mbele na nyuma wamefungwa pamoja, lazima wazunguke sawasawa. Sasa Mama Zuhura, nani ataumia?"

Nikamwambia chuma kilicho katikati yao.

Aliniangalia kidogo, akafuta chaki kwa kiatu. Kesho yake alinikalisha kwenye usukani wa lori bovu akaanza kunifundisha kuendesha. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Ndugu zangu Makina waliposikia walikaa kikao. Mimi sikuenda.

Sasa nawaambia alichonifundisha, na msome polepole, maana wengi wenu siku hizi mnachomeka ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikisema hakuna kosa mnamwambia mteja alipe. Mashine haina mikono.

Peleka pikapu kwenye lami kavu au simiti. Kwanza iwe kwenye mbili, yaani inavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Inatakiwa izunguke laini. Ukiondoa mguu kwenye mafuta iendelee kuteleza yenyewe. Kama usukani ni mzito, kama gari inasitasita kana kwamba kuna mtu anakanyaga breki kwa siri, kama tairi zinarukaruka na kulia, hiyo imejifunga. Maana yake ile transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu ya mbele na nyuma, imekwama. Dereva anadhani yuko kwenye mbili, gari iko kwenye nne. Itakula tairi, itavunja difu, zile gia za kwenye ekseli, na siku ya mvua kwenye kona itakataa kukata, iende moja kwa moja mahali hukutaka.

Halafu sukuma liva, ule mkono wa kubadilisha mbili na nne, uweke nne, uzunguke tena vilevile. Hapa ndipo watu wanapoanguka. Kwa gari za namna hii, kwenye nne na lami kavu, lazima ijifunge. Lazima ipigane na wewe. Ikipigana ujue mbele panavuta. Rudisha mbili, nenda nyuma moja kwa moja hatua chache ili chuma kiachiliane, zunguka tena. Ikilegea, gari ni nzima. Dakika mbili tu kazi yote.

Wanyonyi alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likanichosha: matope husamehe. Kwenye matope au vumbi tairi inateleza, chuma kinapumua, gari mbovu inaonekana nzima. Lakini Nairobi hii desturi ilikuwa mwenye gari ndiye anayechagua njia ya kujaribia, na kila broka alikupeleka ile barabara ya vumbi nyuma ya soko. Wateja nao walipenda. Walijiambia fowili ni ya matope, basi tuijaribu matopeni. Nimeona wazee wenye akili zao, mmoja akiwa mwalimu mkuu mstaafu, wakishangilia gari imetoka kwenye dimbwi kana kwamba imezaa.

Broka mmoja, Njuguna, tulizozana kwa hili miaka. Kila nikigeuza kuelekea lami ananishika bega. "Mathe, hii ni gari ya shamba. Lami unaipelekea nini?"

"Na hilo shamba," nikamuuliza mbele ya mteja, "gari itafika kwa njia gani? Kwa ndege?"

Mteja akacheka, tukaenda lami, na pikapu ikarukaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu. Njuguna hakunisalimia mpaka anahama Kawangware.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili: chaki ya Wanyonyi, na tepu ya mshonaji, ile ya kupimia kiuno. Mnacheka. Mchungaji Wafula alileta pikapu ambayo transfa yake ilikuwa imefunguliwa mara mbili na mafundi wawili, bado inajifunga vibaya kuliko kawaida kila akiiweka nne. Akaniambia ameiombea. Nilizungusha tepu kwenye tairi. Za mbele mpya, za nyuma zimekwisha, na ukubwa umepishana vidole vitatu. Hata kwenye njia iliyonyooka mbele na nyuma walikuwa hawapatani. Nikamwambia sasa aombe tairi mbili.

Wanyonyi alipoondoka kwenda kwao, na baadaye tukapata habari kwamba amefariki, kazi ya kupima ilibaki kwangu. Watu walikuwa wakisema pikapu hainunuliwi 46 kabla Mama Zuhura hajaizungusha. Sijisifu. Nataka mjue nilikuwa nimeaminiwa kiasi gani, ili mwone nilichofanya na huko kuaminiwa.

Mwende alikuja na cheti chake cha chuo cha ufundi na ovaroli iliyopigwa pasi. Mlimcheka. Barasa alimtuma atafute spana ya kufungua upepo, naye akatafuta kutwa nzima. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye mzaha huo nikamweka upande wangu. Magoti yangu yalikuwa yameshakataa kulala chini ya gari, kwa hiyo tukagawana: mimi juu kwenye usukani, yeye chini na tochi. Nilimfundisha yote, naye akawa ananiita Shosho, bibi yake. Mwende, najua utaisoma hii, na sitalibadilisha jina lako.

Kisha Kamande akafungua yadi ya kuuza magari ubavuni mwa gereji. Gereji ileile inatengeneza gari ya yadi, gereji ileile inampimia mteja gari ya yadi. Siku ile ningevua aproni niende nyumbani. Sikwenda. Kila nikikataa pikapu Kamande ananiita kando, kwamba namharibia, kwamba mimi ni mzee sasa nasikia vitu ambavyo havipo. Mwezi mmoja nilikataa tatu, tukagombana mara tatu. Nilichoka. Ni neno dogo hilo, kuchoka, lakini ndilo lililofanya yote yanayofuata.

Peres Akinyi anauza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, si mbali na kwetu. Tumefahamiana tangu watoto wetu wakienda chekechea pamoja. Alitaka pikapu ili mwanawe wa pekee, Ouma, awe anafuata omena mwenyewe kule ziwani badala ya kungoja magari ya watu. Njia za huko zinashuka na kupanda, udongo mweusi, mvua ikinyesha ni sabuni. Aliniambia hivi: "Mama Zuhura, mimi najua samaki, gari sijui. Wewe ukisema nunua, nanunua."

Pikapu ilikuwa nyeupe, ya yadi ya Kamande. Niliipeleka lami, Peres pembeni yangu, Ouma nyuma. Nikaiweka mbili, nikakata usukani mpaka mwisho. Jamani, ilizunguka laini kama maji ya kunawa. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto. Baada ya zile tatu na ugomvi wake, moyo wangu ulitulia kwa kupata moja nisiyoigombania. Peres akaanza kuimba kwa Kijaluo, Ouma akipiga bodi kwa kiganja. Tukarudi. Mwende alikuwa ameshaikagua chini kabla hatujatoka, nikamuuliza tena.

"Chini ni safi, Shosho," akasema, anafuta mikono kwa tambara.

Nikamgeukia Peres nikamwambia nunua.

Liva sikuigusa. Nne sikuiweka. Miaka yote ile nilikuwa nikiogopa gari inayojifunga, mpaka nikaipenda isiyojifunga, na sikuiuliza kwa nini.

Mvua za vuli zilipoanza, Ouma alikuwa anapanda mlima upande wa ziwani, omena gunia kwa gunia nyuma yake. Aliweka nne kama alivyofundishwa. Taa ya nne ikawaka kwenye dashi. Akaiamini. Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kusaga matope peke yao, ya mbele yamekaa tu yanatazama, na pikapu ikarudi nyuma kwa upande mpaka mtaroni, ikalala. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya mlango. Watu wa pale waliiinua kwa mikono. Ulivunjika mara mbili, na haukuunga vizuri.

Pikapu ilipokokotwa kurudi Kawangware, sikumtuma mtu. Nililala chini mwenyewe, magoti yalie yanavyotaka. Mahali pa propela ya mbele, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele, palikuwa wazi. Haikukatika katika ajali. Matundu ya boliti yalikuwa yamejazwa grisi na kupakwa rangi nyeusi kwa brashi, kazi nadhifu. Waya wa ile taa ulikuwa umepitishwa kwenye liva, ukisukuma tu unawaka. Basi nikaelewa. Transfa yake ilikuwa imekwama kwenye nne, gari inajifunga, na badala ya kuifungua mtu alitoa propela. Mbele hakuna kitu, itajifunga na nani? Inazunguka laini.

Alama za brashi ile nilizijua, ni ya Mwende. Nilimnunulia mimi.

Mwende alikuwa kwenye benchi anakunywa soda. Nilimuuliza mbele ya watu, Kevin ulikuwepo. Hakukataa.

"Shosho, ni wewe uliniambia gari ikijifunga mteja anakimbia," akasema. "Kamande alitaka iuzike. Nikaifanya isikimbize mteja."

"Na Ouma?"

"Sikujua ni ya Ouma. Nilijua ni ya yadi." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo bado linaniamsha: "Nilijua ungeiweka nne. Siku zote unaiweka. Nilingoja uirudishe, unigombeze, nimwambie Kamande imeshindikana. Ukasema nunua."

Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kamande yeye alijibu haraka: gari ilipitishwa na Mama Zuhura, kila mtu alisikia. Nikamwambia sawa, basi na hizo zingine nimezipitisha mimi vilevile. Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi yake nikataja pikapu zote za fowili zilizotoka yadi ile tangu ifunguliwe, na wenyewe: Muthoni wa viazi, Shaban wa mkaa wa Makina, ndugu wawili Nyabuto, Padre Kizito, Wairimu wa maziwa, mpaka zikatimia kumi na moja. Kamande alisema siwezi kukumbuka majina yote hayo. Nilimpigia kila mmoja. Zilirudi tisa, nikazizungusha kwenye nne moja baada ya nyingine pale kwenye simiti ya lango la gereji, watu wamesimama. Tatu zilizunguka laini, mbele hazina propela. Shaban alilia, na Shaban si mtu wa kulia. Kamande akalazimika kuzitengeneza zote tatu, na wiki iliyofuata akagundua kwamba wakati wangu wa kupumzika umefika. Ndiyo ile keki.

Lakini kabla ya keki nilikwenda kwa Peres. Njiani nilikuwa na maneno tayari: Mwende alitudanganya, Kamande ni mwizi, mimi na wewe tumeliwa pamoja. Nilimkuta mlangoni anachambua omena, anatoa mawe. Ouma alikuwa ndani kitandani, mguu umewekwa juu ya mito. Peres akanisogezea kigoda. Maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia, nikamwambia sikuiweka nne. Nikamweleza ingepaswa kupigana na mimi, na kwa kuwa mbele hapakuwa na kitu isingepigana, na ningejua palepale.

Hakuinua kichwa. "Ingekuchukua muda gani?"

"Dakika mbili."

Aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha. Akaimimina kwenye gunia, akachukua sinia nyingine. Hakuniambia niondoke. Niliondoka mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi mnayoirithi. Msiniambie mlitumwa na mwenye yadi. Msiniambie mmechoka, mimi nilichoka kabla yenu. Anayelala chini ya gari aseme alichokiona, na anayeshika usukani asimuulize wa chini mambo ambayo mikono yake inaweza kujua. Kama gereji inauza, isipime. Nimeyasema haya kwa Kamande mara nyingi nikiwa na kazi, sasa sina cha kupoteza, nayaandika.

Miezi mitano Peres alinipita sokoni kama mtu anavyopita nguzo. Ouma alianza kutembea kwa fimbo, kuendesha hawezi, mguu haukanyagi breki. Nilisikia Peres mwenyewe anajifunza kuendesha kwa dereva mmoja wa mtaa wa Olympic, na umri ule. Nikasikia amepata leseni.

Jumamosi moja, mimi nimeshaagwa, honi ikalia nje kwangu Makina. Pikapu ya kijani, si ya yadi ya 46. Peres yuko kiti cha pembeni, na kwenye usukani yuko mwenye gari, mtu wa makamo anayeitwa Odhiambo, tayari ana wasiwasi. Peres hakunisalimia. Alimwambia Odhiambo ashuke apande nyuma, akaniambia mimi nishike usukani.

Tulikwenda pale kwenye lami pana karibu na ofisi za serikali, ambapo Jumamosi hakuna magari. Nikaiweka mbili, nikazungusha. Laini. Nikashika liva niisukume nne.

Peres akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akauzuia.

"Sogea," akasema. "Sitaki uniambie. Nataka mikono yangu ijue."

Nikashuka, nikazunguka mbele ya gari, nikapanda upande wake. Alikaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akasukuma liva. Akakata usukani mpaka mwisho, akaachia klachi polepole. Gari ikaguna. Tairi za mbele zikaruka na kulia, usukani ukawa mzito mpaka mabega yake yakainuka, na akashikilia.

"Ni hii?" akauliza.

"Ni hiyo."

Hakusimama. Akazungusha tena.